Je, Mnyama Aweza Kuwa Mwovu?

Mtoto mmoja wa Lubunga, ng'ambo ya mto mkabala wa Kisangani, alikuwa akitazama filamu ya katuni katika simu ya kaka yake. Katika filamu hiyo kikosi cha wanyama mashujaa kilikuwa kikipigana na fisi. Fisi waliposhindwa wakakimbia wakilia, naye mtoto akapiga makofi. Kisha akamgeukia babu yake, aliyekuwa akisuka mgono wa kuvulia samaki, akamwuliza: "Babu, fisi akifa, huenda motoni?"

Kaka yake akacheka, lakini mzee hakucheka. Akauweka mgono chini, akasema: "Mjukuu wangu, umeuliza neno kubwa. Katika maisha yangu nimeona mamba akimchukua mtu mtoni. Lakini sijapata kuona mamba akitubu. Fikiri kwanza ni kwa nini, kisha tutasema habari za moto."

Swali la mtoto huyo si la kitoto. Wenye hekima wa zamani waliliuliza, na mahakimu wa nchi nyingine walilikosea vibaya. Hata leo, mtu asiyejua kulijibu aweza kumtendea jirani yake ubaya mkubwa huku akijiona mwenye haki. Basi yafaa kulitazama polepole.

Kwanza, habari ya filamu yenyewe. Jina lake ni The Lion Guard, na kwa Kifaransa huitwa La Garde du Roi lion. Ilitengenezwa Marekani na kampuni ya Disney, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015, ikaendelea hata mwaka 2019. Mashujaa wake ni watano: Kion mwana wa simba, ambaye ngurumo yake ina nguvu ya ajabu, Bunga nyegere, asiyeogopa kitu, Fuli duma, mwenye mbio, Beshte kiboko, mwenye nguvu, na Ono yangeyange, mwenye macho makali. Adui zao nao ni wanyama. Yuko Janja fisi, Mzingo tai mla mizoga, Reirei mbweha, na Ushari nyoka.

Mtu ajuaye Kiswahili huyatambua mengi ya majina haya mara moja, maana watungaji waliyachukua katika lugha hii. Ujanja ni hila; ushari ni ugomvi na kupenda shari. Maana yake ni kwamba mnyama amekwisha kuandikiwa hatia katika jina lake kabla hajatenda neno lo lote. Tena katika misitu mikubwa ya Tshopo hakuna fisi. Mtoto wa Kisangani hajamwona, hajamsikia akilia usiku, wala hajaibiwa naye hata mfupa. Amefundishwa kumchukia asiyemjua.

Sasa, uovu ni nini? Wakatekumeni hufundishwa kwamba ili tendo liwe dhambi kubwa, sharti jambo lenyewe liwe zito, tena mtu awe amelijua kuwa baya, tena awe amelitaka kwa hiari yake. Kipofu akimkanyaga mtoto gizani, mtoto ameumia kweli, lakini kipofu si mwovu. Mwenye macho akimkanyaga mtoto kusudi, huyo ni mwovu, hata kama mtoto hakuumia sana. Basi uovu haupimwi kwa wingi wa damu peke yake. Hupimwa katika moyo ujuao na kuchagua.

Hapa yafaa kutenga maneno mawili ambayo watu huyachanganya, nayo ni hatari na hatia. Mamba ni hatari. Hana hatia. Njaa humwita naye huitikia, hawezi kusema moyoni, "Leo nitamwacha huyu mama apite, maana ana mtoto mgongoni." Akipita mama, mamba humkamata, asipopita, humkamata mbwa. Mtu aishiye kando ya mto ana haki ya kujilinda, kuweka uzio mahali pa kuteka maji, na hata kumwua mamba aliyezoea kukamata watu. Lakini afanyapo hivyo anaondoa hatari, hamwadhibu mkosaji. Anayempiga mamba aliyekwisha kufa, akimtukana na kumtemea mate, hatoi haki yo yote. Anatoa hasira yake tu.

Mtu aweza kupinga, akisema: "Lakini chui akiingia zizini huua mbuzi watano, akala mmoja tu. Je, huo si ukatili?" Pingamizi hili lina nguvu, wala halifai kudharauliwa. Lakini tazama jinsi lilivyo. Porini, chui akimkamata mnyama mmoja, wengine hukimbia, na shauri limekwisha. Zizini mbuzi hawana pa kukimbilia. Huruka na kulia mbele ya macho yake, na kila arukaye huamsha tena silika ileile ya kukamata. Mtu ndiye aliyejenga zizi. Chui hakuhesabu mbuzi, wala hakufurahia msiba wa mwenye mbuzi, maana hajui kwamba mbuzi wana mwenyewe. Ukatili ni kujua uchungu wa mwingine na kuutaka. Chui anaujua mbio wa mbuzi; uchungu wa mwenye zizi haumo katika mawazo yake.

Watu waliosahau jambo hili walifanya mambo ya ajabu. Huko Ufaransa, katika mji wa Falaise, mwaka 1386, nguruwe jike aliyemwua mtoto mchanga alihukumiwa, akauawa mbele ya watu kama mwuaji. Mwaka 1457, huko Savigny, nguruwe mwingine alihukumiwa kwa kosa la namna hiyohiyo. Watoto wake wakaachiliwa, kwa sababu haukupatikana ushahidi wa kutosha juu yao. Leo msomaji hucheka. Lakini na ajiulize: nguruwe yule alijifunza nini? Na wale wazazi waliomwacha mtoto mchanga mahali nguruwe walipozurura, je, walijifunza neno? Hukumu ilipotupwa juu ya mnyama, ilikuwa rahisi kwa watu wote kurudi nyumbani bila kuulizwa kitu. Hata Mtakatifu Toma wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, zaidi ya miaka mia moja kabla ya hukumu ya Falaise, alikwisha kufundisha kwamba kumlaani kiumbe asiye na akili, kwa sababu yake mwenyewe, ni kazi bure.

Tena mara nyingi hata habari zinazosemwa juu ya mnyama si za kweli. Fisi husemwa kuwa mvivu na mwizi, anayengoja simba awinde ndipo aje kunyang'anya. Mtaalamu Hans Kruuk, aliyewachunguza fisi wa Serengeti na Ngorongoro, Tanzania, kuanzia miaka ya 1960, aliwafuata usiku, akaona kwamba fisi madoadoa huwinda wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao. Huko Ngorongoro mara nyingi simba ndiye aliyekuja kunyang'anya nyama iliyouawa na fisi. Asubuhi watu walipopita, walimwona simba akila na fisi wakizunguka pembeni, wakahukumu kwa kilichoonekana. Simba akaitwa mfalme, na fisi akaitwa mwizi. Hukumu ya namna hii hutolewa hata juu ya wanadamu, katika vijiji vingi, kila siku.

Mpaka hapa mtu aweza kusema: "Vema, mnyama hana hatia. Lakini jambo hili lanihusu nini mimi?" Lamhusu sana. Maana mtu akishakubali kwamba uovu hukaa katika manyoya na makucha, amejipatia mahali pazuri pa kuficha uovu wake mwenyewe. Na nchi ya Kisangani inayo mifano.

Katika misitu ya kaskazini na mashariki ya mji, hasa kwa Wabali wa pande za Bafwasende, zamani walikuwako watu walioitwa Anioto, yaani watu-chui. Walivaa nguo ya magome ya mti iliyotiwa madoa, wakachukua makucha ya chuma, wakaua watu, wakaacha alama kana kwamba chui amepita. Wachunguzi wa siku hizi wameonyesha kwamba mauaji hayo hayakuwa wazimu wa porini. Mara nyingi yalikuwa na shabaha: magomvi ya utawala, kisasi, kutisha watu ili watii. Yaani chini ya madoa mlikuwa na mtu mwenye hesabu kamili kichwani. Alijua atakayemwua, alijua faida yake, akachagua usiku. Chui wa kweli hana adui wala cheo cha kutafuta. Aliyevaa ngozi alimsingizia mnyama asiyeweza kujitetea.

Lakini habari haikuishia hapo, maana wageni nao waliitwaa ngozi ileile wakaivika watu wengine. Mwaka 1913 mchongaji wa Ubelgiji, Paul Wissaert, alitengeneza sanamu ya mtu-chui akimwinamia mtu aliyelala, nayo ikawekwa katika jumba la makumbusho la Tervuren. Mchoraji Hergé akamtia mtu-chui katika kitabu chake cha picha kwa watoto, Tintin au Congo, kilichoanza kutolewa gazetini mwaka 1930. Watoto wa Ulaya wakamwona mwovu mwenye madoa, wakadhani wamewaona Wakongo. Makosa ya watu wachache yakawa sura ya taifa zima. Na aliyefanywa mnyama katika picha huonekana kwamba anahitaji kufugwa. Mwaka 2002 mchoraji Chéri Samba wa Kinshasa aliichora sanamu ileile ikivutwa kwa kamba kutolewa katika jumba lile, huku watu wengine wakiivuta irudi ndani. Jumba lilipofunguliwa tena mwaka 2018 baada ya matengenezo, sanamu hiyo ilikuwa imewekwa kando, mbali na maonyesho yenyewe.

Basi mask hii ina pande mbili. Upande mmoja mwuaji husema, "Si mimi, ni chui." Upande wa pili mwenye nguvu husema, "Yule si mtu, ni chui." Wa kwanza anakimbia hatia yake, wa pili anamnyima mwenzake utu. Wote wawili wamesema uongo uleule.

Mwaka 1964 mji huu, ulioitwa bado Stanleyville, uliona jambo jingine. Mwezi wa Agosti uliingia mikononi mwa wapiganaji waliojiita Simba, wengi wao vijana tu. Walipakwa dawa, wakaambiwa kwamba risasi za adui zitageuka maji. Miezi ile, hata askari wa miavuli wa Ubelgiji waliposhuka tarehe 24 Novemba, ilikuwa ya machozi mengi, na watu wengi sana waliuawa, Wakongo na wageni. Wapiganaji wale walikuwa na malalamiko yao, na mengine yalikuwa ya haki. Lakini jina la Simba halikumwondolea hata mmoja wao moyo wa mtu. Aliyeua mfungwa asiye na silaha hakuua kwa njaa kama simba; aliua akijua.

Katika siku hizo, tarehe 1 Desemba 1964, huko Isiro, sista kijana Anuarite Nengapeta aliuawa na mkubwa mmoja wa wapiganaji hao kwa sababu alikataa kumpa mwili wake. Kabla ya kufa alimsamehe. Mwaka 1985 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa. Wengi husifu ushujaa wake, nao husifu kwa haki. Lakini yafaa kuona neno jingine lililo ndani ya msamaha ule. Hakuna mtu anayemsamehe mamba. Hakuna anayeuambia mto uliofurika, "Nimekusamehe." Husamehewa yule tu ambaye angaliweza kutenda vingine. Basi Anuarite alipomsamehe yule aliyejiita simba, alimvua manyoya. Alimwambia, bila kutumia maneno hayo, kwamba yeye ni mtu, kwamba alilolitenda ni lake, na kwamba njia ya kurudi iko wazi. Aliyemtukana kuwa mnyama angalimfungia njia hiyo.

Na mtu asidhani kwamba uovu huhitaji jina la mnyama ili uje. Mwezi wa Juni mwaka 2000, kwa siku sita, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani. Hapakuwa na ngozi ya chui wala nywele za simba. Walikuwako maofisa wenye ramani, simu na mizinga, na mabomu yakaanguka juu ya nyumba za watu wasiokuwa na shauri na upande wo wote. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vile vya Kongo. Mahakama haikumtafuta mnyama. Ilitafuta wanaojua na kuchagua. Wazee wamesema kweli: kikulacho ki nguoni mwako.

Tena iko hatari moja iliyo karibu zaidi, hata mlangoni mwa msomaji. Katika nchi jirani ya Rwanda, mwaka 1994, kabla ya panga kuinuliwa, majirani walikwisha kuitwa mende na nyoka. Neno lilitangulia, damu ikafuata. Maana aliyekwisha kusadiki kwamba jirani ni mdudu hasikii tena kilio chake kama kilio. Na katika miji na vijiji vya Kongo, watoto wengi wameshtakiwa uchawi. Husemwa kwamba mtoto fulani huruka usiku, au hugeuka mnyama. Mara nyingi ni yatima, au mlemavu, au mkojozi wa kitandani, au mtoto wa mke aliyekufa. Msiba ukiingia nyumbani, badala ya kuuliza juu ya homa, njaa au ugomvi wa wakubwa, watu humtafuta mnyama, na mnyama anayepatikana kwa urahisi ni mtoto asiye na mtetezi. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, imekataza kumshtaki mtoto uchawi, na sheria ya kuwalinda watoto ya mwaka 2009 imeweka adhabu kwa afanyaye hivyo. Lakini sheria haiingii kila nyumba usiku. Dhamiri ndiyo iingiayo.

Je, basi hadithi za wanyama waovu zitupwe? La. Wazee wa Afrika walisimulia habari za chui mwenye tamaa na fisi mlafi tangu zamani, nao hawakuwa wajinga. Hadithi ni kioo. Fisi wa hadithi si fisi wa porini. Ni mlafi wa kijijini aliyevikwa manyoya ili asikilize bila kuona haya, na acheke kabla hajajitambua. Lakini hadithi ya wazee ilikuwa na msimulizi. Mtoto akiuliza, msimulizi alisimama akamjibu, mwisho alimwambia, "Sasa tazama, usiwe wewe huyo fisi." Simu haisimami. Hutoa picha nyingine kabla mtoto hajamaliza kufikiri ile ya kwanza. Kwa hiyo kosa haliko katika picha peke yake; liko katika kiti kilicho wazi kando ya mtoto, ambapo mkubwa angaliketi.

Na filamu ile yenyewe, kwa haki, ina neno jema kwa atazamaye mpaka mwisho. Yumo fisi jike aitwaye Jasiri, mwenye moyo mwema, ambaye Kion alimwogopa kwanza kwa sababu ya ukoo wake, kisha akaona kwamba amemhukumu bure. Hata Janja mwenyewe, baada ya kutenda mabaya mengi, mwishoni aliacha upande wa uovu, baada ya kuokolewa na Jasiri. Hapa watungaji walionyesha, labda bila kukusudia sana, kwamba hawakuwa wakisimulia habari za fisi. Fisi hageuki moyo. Mtu ndiye ageukaye.

Jioni ileile huko Lubunga, mtoto alikaa kimya kitambo kirefu, kisha akasema: "Babu, mamba hatubu kwa sababu hajui kwamba amekosa."

"Vema," akasema mzee. "Basi fisi wako haendi motoni."

"Na Janja?"

Mzee akautwaa tena mgono wake. "Janja ni mtu," akasema. "Amevikwa manyoya tu. Kesho ukigombana na ndugu yako kwa ajili ya simu hiyo, usimwite fisi. Mwite kwa jina lake, kisha mwambie alilokukosea, naye akuambie la kwako."

Kaka yake, aliyecheka kwanza, sasa hakucheka. Akaizima simu, akaja kuketi karibu nao, akashika ncha moja ya mgono ili babu aweze kufunga fundo.